Miaka 100 ya Barabara ya 66: mimi ningeanzia Luther

Kazi yangu ni udereva wa lori, na safari ya Tulsa hadi Oklahoma City, katika jimbo la Oklahoma, Marekani, nimeshaizoea kama njia ya kwenda dukani. Hupita barabara ya kulipia, ile iliyofunguliwa mwaka 1953. Barabara ya 66, ile barabara kuu ya zamani, iko pembeni yake, mara inachungulia, mara inapotelea nyuma ya miti. Miaka yote hiyo sikuwahi kuiingia, kwa sababu mzigo una saa zake. Siku moja ya mapumziko nikapakia wanangu kwenye gari dogo tukaifuata polepole.

Ukikaribia mji mdogo wa Luther kuna kijumba cha mawe ya rangi ya udongo, kibaraza chake kimetokeza mbele ili gari liingie chini yake. Zamani ilikuwa sheli. Aliyeijenga ni Allen Threatt, Mmarekani Mweusi, karibu mwaka 1915, miaka kumi hivi kabla barabara haijapewa namba. Mawe yenyewe yalichimbwa kwenye ardhi ya familia. Baadaye pakaongezwa mgahawa, jukwaa la muziki na uwanja wa besiboli. Inasimuliwa pia kwamba baadhi ya Weusi waliokimbia Tulsa mwaka 1921, mtaa wao wa Greenwood ulipochomwa moto, walipata hifadhi hapo.

Nilisimama pale muda mrefu, hadi wanangu wakaanza kulalamika njaa.

Tarehe 11 Novemba mwaka huu wa 2026, Barabara ya 66 inatimiza miaka 100. Inaanzia Chicago na kuishia Santa Monica, pwani ya California, karibu kilomita 3,900, majimbo manane. Namba yake ilizaliwa kwenye mabishano. Cyrus Avery, mtu wa Tulsa aliyekuwa mstari wa mbele kuipigania, aliitaka 60. Kentucky nao wakaing'ang'ania hiyohiyo. Tarehe 30 Aprili 1926 Avery na wenzake walikutana Springfield, Missouri, wakaona 66 haijachukuliwa na mtu, wakatuma simu ya maandishi Washington. Ikawa hiyo.

Mwaka huu wote kuna misafara ya magari ya kale, mabango ya neoni yanawashwa upya, moteli zinapakwa rangi. Sina ugomvi na hayo, na taa za neoni usiku ni nzuri kweli. Ninachopinga ni ile sentensi inayorudiwa kila mahali, kwamba hii ilikuwa barabara ya uhuru, ambapo yeyote mwenye gari na mafuta aliweza kwenda atakako. Haikuwa hivyo kwa kila mtu.

Barabara hii ilikatiza kaunti 89, na karibu nusu yake zilikuwa na miji ambayo Mweusi alitakiwa awe ameshaondoka jua likizama. Edmond, ambao hauko mbali na Luther, ulikuwa na mgahawa uliochapisha postikadi za kujisifu kwamba mjini hamna Weusi. Postikadi! Mtu alikula, akabandika stempu, akawatumia jamaa zake salamu juu ya maneno hayo. Hata Springfield, mji ilikozaliwa namba, msafiri Mweusi alikataliwa kitanda sehemu nyingi. Ndiyo maana mama mmoja, Alberta Ellis, alifungua hoteli yake pale, hoteli ambayo leo haipo tena. Na ndiyo maana Victor Hugo Green, tarishi aliyeishi Harlem, alianza mwaka 1936 kuchapisha mwongozo wa Green Book, wenye orodha ya mahali Mweusi angeweza kulala, kula na kutia mafuta. Uliendelea kuchapishwa kwa takriban miaka thelathini.

Fikiria baba anayeendesha usiku, watoto wamelala nyuma, moteli zinawaka taa kushoto na kulia, naye anajua hakuna hata moja itakayomfungulia. Mimi ni dereva. Najua usingizi wa usukani unavyokuja, na najua raha ya kuona mahali pa kuegesha. Kwa hiyo nikiliangalia lile jengo la Threatt naona kitu kimoja kikubwa kuliko mabango yote ya neoni: mahali ambapo mtu aliweza kuzima injini bila hofu.

Kumbukumbu za barabara hii hazikuhifadhiwa na serikali peke yake, na hapa nawaheshimu sana watu wa Seligman, Arizona. Septemba 1978 barabara mpya ya I-40 ilifunguliwa pembeni ya mji wao, na magari yakakatika siku hiyohiyo. Mwaka 1985 namba 66 ikafutwa rasmi kwenye orodha ya barabara kuu. Miji mingine ilikufa. Glenrio, mpakani mwa Texas na New Mexico, leo ni mahame. Lakini kinyozi wa Seligman, Angel Delgadillo, aliwakusanya wenzake mwaka 1987 wakaunda chama, wakalibana jimbo mpaka likaitambua sehemu yao kuwa barabara ya kihistoria. Watalii wakarudi. Kinyozi na majirani zake, basi.

Familia ya Threatt nayo imefanya kazi ya namna hiyo, kimyakimya zaidi. Bado wanalimiliki jengo, na ukarabati wamekuwa wakiuhangaikia kwa miaka. Mwaka 2021 shirika la taifa la kuhifadhi majengo ya kihistoria liliitaja sheli hiyo miongoni mwa maeneo 11 yaliyo hatarini zaidi Marekani nzima. Ndipo wengi wakaisikia kwa mara ya kwanza, baada ya zaidi ya karne moja ya kusimama kando ya lami.

Nasema hivi kwa waandaaji wa sherehe: ramani mnazowapa wageni ziwe na Luther kwa herufi kubwa, sawa na zile moteli maarufu za Tucumcari, New Mexico. Fedha za ukarabati zifike pale kabla hazijaisha kwenye rangi. Waongoza watalii wasimulie habari za Edmond wakiwa Edmond. Na Wenyeji wa Amerika, ambao ardhi za mataifa yao zaidi ya 25 zinapitiwa na barabara hii, wasimulie habari zao kwa vinywa vyao wenyewe, maana kwa miaka mingi picha zao zilitumika kuuzia vikapu na vinyago tu.

Siku ile binti yangu aliniuliza kama babu yake angekuja Marekani zamani angelala wapi. Nikamwonyesha kile kibaraza cha mawe. Novemba nimeshaomba likizo, tutarudi naye.