Mvi za Baba na Njia ya Kaya Fungo

Sisi Wagiriama huwaheshimu sana wazee wetu wakishakufa. Marehemu husimikiwa koma, yaani kijiti cha ukumbusho, na aliyekuwa mwanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye heshima, huchongewa kigango, nguzo ya mbao yenye kichwa na mabega, ambacho ni mwiko kuking'oa hata jamaa wakihamia kwingine. Vigango vingi viliibwa vikauzwa Marekani, na kila ninaposikia kwamba jumba fulani la makumbusho limevirejesha Kenya, nafurahi kwa dhati. Hata hivyo, mimi natoka katika ukoo uliomfukuza mzee angali hai. Naamini kwamba mwana aliyenyamaza baba yake alipoitwa mchawi hastahili kutoa hata shilingi moja ya koma yake, ikiwa hakumwendea na kumwomba radhi wakati mzee alikuwa bado na uwezo wa kumjibu.

Baba alikuwa mgema huko Kaloleni. Mtoto wa jamaa yetu alipofariki kwa homa, vijana wa ukoo walimnyooshea kidole yeye, kwa kuwa kichwa chake kilikuwa kimejaa mvi na shamba lenye minazi lilikuwa kwa jina lake. Usiku mmoja alitoroka, akaenda kupata hifadhi Kaya Godoma, kule Ganze, pamoja na wazee wengine waliokimbia mapanga ya watu wao wenyewe. Wakati huo nilikuwa nafanya kazi Mombasa, katika bandari ya Kilindini. Nilipigiwa simu nikaulizwa nasema nini, nami nikajibu kwamba mambo ya nyumbani yaamuliwe na walioko nyumbani. Miaka sita nilimtumia pesa kwa M-Pesa kila mwisho wa mwezi bila kukanyaga Ganze. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925, ambayo wengi hudhani inawahusu waganga tu, inamtia hatiani pia anayemsingizia mwenzake uchawi. Sheria hiyo haina kifungu kinachomgusa mwana aliyekaa kimya, kwa hiyo hesabu hiyo nilibaki nayo mwenyewe.

Jaribio letu la kwanza la kupatana lilikuwa kikao nyumbani kwangu Kisauni, na lilivunjika. Tulimketisha kwenye kiti peke yake, sisi tukajipanga kwenye makochi, na kila aliyesema alianza kwa kumtaka aeleze. Napinga vikao vya namna hiyo kwa sababu humfanya aliyedhulumiwa awe mshitakiwa kwa mara ya pili. Baba alikunywa chai yake, akaaga, akarudi Ganze.

Alipoanza kudhoofika, alinitumia ujumbe kwamba anataka kuiona Kaya Fungo, msitu mtakatifu wa Wagiriama, kwa mara ya mwisho, na kwamba nimpeleke mimi. Tulipanda matatu hadi Mariakani, tukachukua nyingine ya upande wa Kaloleni, kisha bodaboda, na mwisho tukaenda kwa miguu. Penye miti tulivua viatu, kwa kuwa kaya haiingiwi na viatu, na nikaona jinsi nyayo zake zilivyoijua njia ambayo zangu, zilizolainishwa na soksi za mjini, ziliiogopa. Mzee aliyeshindwa kupanda ngazi zangu za Kisauni bila kushikwa mkono ndiye aliyeniongoza. Alinionyesha mti wa dawa ambao haukatwi, na upande ambako fingo la kuilinda kaya lilizikwa, akanizuia nisisogee karibu. Kaya kumi za Mijikenda, jamii ambayo sisi Wagiriama ni sehemu yake, ziliingizwa mwaka 2008 katika Orodha ya Urithi wa Dunia, nami nilikuwa nimezisoma kama habari za gazetini. Siku hiyo nilifundishwa na mtu ambaye nilimwacha aitwe mchawi kwa sababu ya maarifa hayohayo.

Tulipopumzika, alinieleza habari za Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama aliyeongoza upinzani dhidi ya Waingereza, na viapo vya upinzani vya mwaka 1913, na jinsi mwaka uliofuata serikali ya mkoloni ilivyoilipua Kaya Fungo kwa baruti kali ili wazee wasikutane humo tena. Kisha akasema kwamba Mzungu alipowatoa wazee kaya alijua anawaogopa kwa nini, lakini yeye alifukuzwa na watoto aliowapa maziwa ya nazi kwa mkono wake.

Akaniuliza swali ambalo hakuna aliyeliuliza katika kikao chetu.

"Wewe ulijua sikumuua yule mtoto?"

"Nilijua, baba."

"Tangu siku ya kwanza?"

"Tangu siku ya kwanza."

Nilimwomba radhi nikiwa nimepiga magoti kwenye majani makavu. Hakunijibu papo hapo. Alikaa kitambo, akaegemea bega langu ili ainuke, na hakuuondoa mkono wake mpaka tulipofika mahali tulipoacha viatu, nami nikainama nikamvalisha vyake.

Alifariki miezi minne baadaye. Kwenye mazishi, wale waliomfukuza walishindana kumsifu, na mmoja wao alinijia na daftari la michango ya koma. Nilimwambia nitatoa fungu langu siku atakaposimama mbele ya ukoo mzima na kusema kwamba mzee hakuwa mchawi. Daftari bado liko kwake.