Tunajenga Nyumba, Hatujengi Mtaa

Kila mwisho wa Oktoba lori la halmashauri hupita mtaani kwetu kunyonya majani makavu. Tunayakusanya kwa reki kutoka uani, tunayarundika kwenye ukanda wa nyasi ulio kati ya njia ya miguu na barabara, na baada ya siku chache lori linakuja na bomba lake pana kama pipa, linayafyonza yote. Mwaloni ulio mbele ya nyumba yangu ni mnene hivi kwamba mimi na mwanangu tukiukumbatia mikono yetu haikutani. Nyumba ni yangu, ila mwaloni ni wa mji. Hata tawi sikati mpaka niombe.

Naishi Shaker Heights, kitongoji kilicho mashariki mwa Cleveland, Ohio. Nilinunua hapa mwaka 2019, baada ya miaka tisa ya kuishi nyumba za kupanga. Ndugu na marafiki wa Dar wakiona picha husema, "Dada, kumbe upo Oysterbay ya Marekani!" Oysterbay ndiyo mtaa wa kifahari wa Dar, na kwa macho wana haki: kivuli, nyasi, nyumba zilizokaa kando ya barabara kwa staha. Lakini kadiri miaka inavyopita ndivyo ninavyoona kwamba kilichonivutia hapa si nyumba. Nyumba nzuri tunazo kwetu, na nyingine zinaishinda yangu kwa mbali. Kilichonivutia ni mtaa, na mtaa ndicho kitu ambacho sisi tunaojenga nyumbani kwa pesa za ughaibuni hatukijengi kabisa.

Kitongoji hiki kilipangwa na ndugu wawili, Oris na Mantis Van Sweringen, mwanzoni mwa karne ya 20, kwenye ardhi iliyowahi kuwa ya jumuiya ya kidini ya Shakers. Walijua hakuna mtu atakayenunua kiwanja mbali na mjini kama hana namna ya kufika kazini, kwa hiyo wakaihangaikia reli. Mwaka 1916 walinunua kampuni nzima ya reli, Nickel Plate, kwa sababu walihitaji njia ya kupitisha treni yao mpaka katikati ya Cleveland. Treni hiyo ya umeme ipo mpaka leo. Naipanda kwenda hospitali ninakofanya kazi; kutoka mlangoni kwangu hadi kituoni ni dakika saba, tena chini ya miti. Kwetu nyumba hutangulia, watu wakahamia, wakazaa, ndipo barabara ikaanza kuombwa.

Nilipokuwa nanunua, kuna jambo lilinikera sana. Wakati huo mji huu ulikuwa na sheria kwamba nyumba ikiuzwa lazima mkaguzi wa halmashauri aipitie ndani na nje. Alikuja na karatasi zake, akaorodhesha: bamba la zege la njia ya gari limepasuka, rangi ya gereji imebabuka, ngazi ya kushukia chumba cha chini haina mahali pa kushika. Pesa za matengenezo zikawekwa kando kwa mtu wa kati, zisiguswe mpaka kazi ikamilike. Nikajiuliza, nyumba nimenunua kwa jasho langu, rangi ya gereji inamhusu nini mtu wa serikali? Alirudi baada ya miezi miwili. Alipiga magoti kwenye njia ya gari, akapitisha kidole juu ya ule ufa tuliouziba, polepole, mwanzo hadi mwisho. Akasimama, akatia sahihi, akanikaribisha mtaani. Hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Ufa wangu ni ufa wa jirani yangu. Nikiiacha gereji ioze, thamani ya nyumba yake inashuka pamoja na yangu, na yeye vilevile hawezi kuiacha yake ioze mbele ya macho yangu.

Raha hii ina bei, nisiifiche. Nyumba nilinunua kwa dola 215,000, nikatanguliza asilimia 20, na zilizobaki nalipa kwa miaka 30 kwa riba ya asilimia 4. Juu ya mkopo kuna kodi ya nyumba. Shaker Heights inajulikana Ohio nzima kwa kodi kubwa. Mimi nalipa zaidi ya dola 8,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa inakwenda kwenye shule za umma. Nyumbani kodi ya majengo ya nyumba ya kawaida hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, shilingi 1,500 kwa mwezi. Ni shilingi 18,000 kwa mwaka, pesa isiyofika dola 10. Sisemi mama muuza vitumbua wa Tandale atozwe kama mimi. Nasema mwenye jumba la ghorofa na magari matatu ndani ya geti analipa pesa isiyotosha kufukia shimo moja la barabara, kisha sote tunalalamika kwamba barabara ina mashimo.

Sasa niseme ya kwangu, maana mimi ni mmoja wa waliokosea. Mwaka 2014 nilinunua kiwanja Goba, pembezoni mwa Dar, kupitia dalali. Kilikuwa shamba la mzee mmoja mwenyeji. Hakikuwa kimepimwa, tuliandikishana kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, mashahidi wakaweka sahihi, basi. Kwenye picha za siku ile nahesabu mikorosho kumi na mmoja na mwembe mmoja mkubwa, na njia ya gari pana, gari mbili zinapishana bila shida. Kaka yangu akasimamia ujenzi. Msingi, jamvi, boma, lenta, kisha likasimama miaka miwili likisubiri hela ya kupaua. Wanaojenga wanaijua hiyo safari. Kila nikipokea picha kwenye simu nilitazama nyumba tu. Sikuwahi kumwomba kaka anipigie picha ya njia.

Kumbe kila aliyejenga ukuta alisogea hatua moja kwenye njia. Hatua moja tu, na sisi tukiwemo. Mikorosho ikakatwa kila mtu alipoanza kuchimba msingi. Leo umebaki mmoja, uani kwa jirani. Kuna aliyepitisha ukuta juu ya mkondo wa maji, kwa hiyo masika yakifika maji yanatafuta njia mpya, na njia hiyo ndiyo tunayopita. Mwaka 2022 shimo la choo lilijaa kwenye nyumba ile, anamoishi mama. Gari la kunyonya maji taka likaja, likafika kwenye kona kati ya kuta mbili, likashindwa kupinda. Kaka alinipigia simu ya picha nikaona kwa macho yangu: utingo kasimama nyuma anapunga mkono, kioo cha pembeni kimegusa ukuta wa jirani kushoto, na kulia tairi liko kwenye msingi wa ukuta wetu. Walirudi nyuma. Walikuja siku ya pili na mipira mirefu ya kuunganisha, kwa bei mara mbili. Nyumba ile ina vigae vizuri kuliko vya kwangu Marekani.

Nilikaa na picha ile muda mrefu. Kila mwenye nyumba wa Dar amekuwa halmashauri ya peke yake. Anachimba kisima, ananyanyua simtanki, ananunua jenereta, anaajiri mlinzi, anamwaga kifusi kwenye shimo la barabara, na kifusi kinaishia pale geti lake linapoishia. Ukijumlisha tunachotumia ukuta kwa ukuta, naamini kingetosha kuchonga mitaro ya mtaa mzima.

Wapo watakaosema nimelewa ughaibuni. La. Nyumba ya mama haina deni hata senti. Kwetu mikopo ya nyumba ina riba ya asilimia 15 hadi 19, kwa hiyo watu wanajenga tofali kwa tofali, na wakimaliza hakuna benki ya kuwatoa. Mimi nikikosa kazi miezi michache tu, hii nyumba yenye mwaloni inaanza kuniponyoka. Na watu? Hapa nilikaa miaka miwili kabla jirani wa mkono wa kulia hajanijua jina. Mama akipika pilau Goba, sahani mbili lazima zitoke nje ya geti. Mtaa wa watu tunao. Mtaa wa ardhi ndio tuliouacha.

Wala mtaa huu sikuukuta safi. Haukujengwa kwa ajili ya mtu kama mimi. Kampuni ya Van Sweringen iliweka masharti kwenye hati ili iwe na sauti juu ya nani auziwe, na kwa masharti hayo Weusi, Wayahudi na Wakatoliki walizuiwa kwa miaka mingi. Mwaka 1956 nyumba ya mwanasheria Mweusi, John Pegg, ililipuliwa kwa bomu ingali inajengwa, pale eneo la Ludlow, mpakani mwa Cleveland na Shaker Heights. Kilichonigusa ni kilichofuata. Mwaka 1957 majirani wa Ludlow, Weupe na Weusi, waliunda chama cha mtaa. Walianza kwa kukaribishana sebuleni, wakaendelea hadi kutafuta mikopo ya kuvutia wanunuzi Weupe ili mtaa ubaki wa mchanganyiko badala ya kukimbiwa. Miaka ya 1960 wakaja wahandisi na mpango wa barabara kuu ya kupita kwenye maziwa na miti. Akina mama wa vikundi vya bustani wakasimama mbele, na mpango ukafa mwaka 1970. Kivuli ninachopita kila asubuhi kiliokolewa na akina mama hao.

Oysterbay nayo ilianza kwa ubaguzi. Ndiyo iliyokuwa Uzunguni, sisi tukawekwa Uswahilini. Tulipopata uhuru tuliirithi. Miaka ya 2000 nyumba nyingi za serikali ziliuzwa, na viwanja vingi vyenye nyumba moja na miti mikubwa vikageuka maghorofa. Hata hivyo si kweli kwamba hatujui kupanga. Mama mdogo anaishi Sinza, kwenye viwanja vilivyopimwa miaka ya 1970. Nyumba za pale si za fahari, lakini mitaa yake bado imenyooka na gari linafika mlangoni. Mwaka 2002 ulianza mradi wa serikali wa kupima viwanja 20,000: Mbweni, Bunju, Kibada na kwingineko. Ningeweza kutafuta huko. Nilikwenda Goba kwa sababu kiwanja kilikuwa rahisi na dalali alikuwa na haraka, nami nilikuwa na likizo ya wiki tatu.

Sisi wa nje tunajali sana hati. Nchi yetu hairuhusu uraia wa nchi mbili, na kwa miaka mingi asiye raia hakuruhusiwa kumiliki ardhi kama mwananchi, kwa hiyo wengi wetu tumebaki na vibali vya ukaazi vya ughaibuni mwaka hadi mwaka, bila kuchukua uraia wa huku, ili tusipoteze kiwanja. Tunakilinda kiwanja kwa nguvu hiyo yote, halafu njia ya kukifikia tunaiacha ife.

Mwaka huu nilikuwa nimeweka hela ya kubadilisha geti na kutandika vitofali uani. Nimeziondoa huko. Mwezi uliopita tulifanya kikao kwa simu, nyumba nane, wawili wetu tuko nje. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa alikuwepo. Tumekubaliana kuchangia mtaro kutoka kwenye kona ile mpaka korongoni, na kumlipa mpima ardhi mwenye leseni atuwekee alama za njia. Nyumba tatu zimeshatoa hela. Mmoja amesema ukuta wake hausogei, na sijui tutamshawishi vipi.

Wa kwetu unasogea. Fundi anaanza kuubomoa Jumatatu, na utarudi ndani mita moja na nusu. Mama ameniuliza mara mbili kama nina hakika. Kaka ameshanunua miche sita ya mwarobaini, ameipanga kwenye kivuli cha simtanki, na nimemwomba aipande nje ya ukuta.