Abiria Mmoja Hajaketi

Ukiwa na ugonjwa wa Crohn, ule wa utumbo kuvimba na kukuharisha bila taarifa, hununui kiti cha ndege. Unanunua umbali kati ya kiti na choo. Siku hiyo nilijipanga kisawasawa: kiti cha kando ya njia, choo kiko hapo nyuma yangu, barua ya daktari, nguo za ndani za akiba, na dawa zote kwenye begi la mkononi, maana mizigo ya chini wakati mwingine hujichagulia nchi ya kwenda. Mfukoni nilikuwa na ile kadi wanayotoa vyama vya wagonjwa wa utumbo, inayosema mwenye kadi hawezi kusubiri choo.

Tumbo nalo lilikuwa na mipango yake. Hewa ndani ya ndege huwekwa kama vile mko kwenye mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, kwa hiyo gesi ya tumboni hutanuka, pengine hata kwa theluthi moja. Mwenye afya yake huachia kidogo kimyakimya, kisha akamtazama jirani kwa lawama. Sisi hatuthubutu. Hujui kama gesi inakuja peke yake au imefuatana na wenzake.

Chakula nilikikataa. Kwangu tonge la kwanza likishuka tu, utumbo mpana umeshapata habari na unafungasha. Mzee wa dirishani akapokea sahani yangu bila kinyongo, akashushia maji, juisi, kisha kahawa mara mbili.

Hali ilipochafuka, foleni ya choo ilikuwa imefika kwenye kiti changu. Nikamwonyesha mhudumu kadi, chinichini, kama mtu anayetoa rushwa. Akaisoma yote. Kwa sauti!

"Jamani mpisheni huyu, hawezi kusubiri!"

Walinipisha, sina lawama. Mama mmoja akamvuta mwanawe: "Mpishe anko, tumbo linamsumbua." Mtoto akauliza, "Ataharisha?" Hakuna aliyemjibu. Nilikuwa nakwenda kumjibu mwenyewe.

Mle ndani sikukaa kidogo. Taa ya mikanda ikawaka, masikio yakaanza kuziba, mlango ukagongwa.

"Tunatua, tafadhali rudi kwenye kiti chako."

"Dada, siwezi kuinuka sasa hivi."

"Dakika ngapi?"

Dakika ngapi! Madaktari waliueleza ugonjwa huu mwaka 1932 na hadi leo hakuna aliyeupatia tiba ya kuumaliza, yeye anataka ratiba.

Ghafla injini zikanguruma, pua ya ndege ikainuka, nami nikashikilia sinki kwa mikono miwili. Kisha rubani: "Mabibi na mabwana, tumelazimika kuahirisha kutua kwa kuwa abiria mmoja hajaketi. Tutazunguka kidogo, kisha tutajaribu tena."

Abiria mmoja. Angesingizia ukungu, nani angetoka nje kuhakikisha?

Nilipomaliza nikakumbuka kuwa choo cha ndege hakimwagi maji kama cha nyumbani, kinafyonza kwa nguvu ya ombwe, na mlio wake hauna siri. Nikabonyeza huku nimefumba macho. Huko nje kukawa kimya, halafu mtu akapiga makofi. Wenzake wakaitikia.

Nilirudi nikitazama zulia tu, nikafunga mkanda, nikajifanya nasoma maelekezo ya usalama. Mzee wa dirishani akaniinamia. Miguu ameibana, jasho linamtoka kwenye paji la uso. Ile kahawa ilikuwa imefika.

"Mwanangu, hebu niazime hiyo kadi."

Kabla sijajibu alikuwa ameshaichomoa mkononi mwangu na kumpungia mhudumu, ambaye naye alikuwa amejifunga mkanda kwenye kiti chake.

"Baba, kaa chini! Hiyo kadi ina jina la huyo kijana!"

"Basi liache jina lake liende," mzee akasema, akifungua mkanda, "mimi nalisindikiza."