Nobu za amplifaya ya kidijitali: ziige za kale hadi kasoro zake?

Chukua amplifaya ya gitaa ya Fender, Twin Reverb ya muundo wa 1965, ile ya kilo 29, kisha shusha besi, sauti za kati na trebo zote hadi sifuri. Gitaa litanyamaza, au litabaki kunong'ona. Haijaharibika. Nobu hizo tatu zinagawana saketi moja ya kapasita na rezista chache, na kazi ya saketi hiyo ni kupunguza tu. Ukipandisha trebo sana, nobu ya sauti za kati nayo inapungua nguvu. Aliyeizoea amplifaya hiyo hahitaji kuelezwa hayo, maana vidole vyake vinajua.

Anayeunda mashine ya kidijitali ya kuiga amplifaya lazima aamue: aibebe tabia hiyo nzima, au ampe mpigaji nobu tatu ambazo kila moja inashughulika na lake? Mabishano yaliyozoeleka ni ya valvu, zile taa za kioo za amplifaya za kale, dhidi ya kompyuta, lakini naona hili ndilo linalogusa zaidi sauti inayomfikia msikilizaji.

Wanaotaka uigaji kamili wana hoja nzito. Amplifaya haijulikani kwa sauti moja iliyotulia. Inajulikana kwa jinsi inavyobadilika ukiigusa. Vox AC30 ina nobu iitwayo Cut, na kadiri unavyoipandisha ndivyo sauti kali zinavyopungua, kinyume na matarajio ya wengi. Modeli, yaani nakala ya kidijitali ya amplifaya, ikitengenezwa kwa uaminifu inaiacha hivyohivyo. Fender wenyewe walipotoa Tone Master mwaka 2019 walifuata njia hii mpaka mwisho: paneli ya mbele ni ileile, hakuna skrini wala menyu, ndani ni kompyuta, na Twin ikashuka hadi kilo 15 hivi.

Upande wa pili unauliza kwa nini tufungwe na saketi za miaka ya 1960 wakati kompyuta haina vikwazo vile. Swali ni la haki. Hata baadhi ya mashine zinazojinadi kwa uaminifu hukopa upande huu kimyakimya: Twin Reverb niliyoitaja haina nobu ya prezensi, ile ya sauti kali za juu kabisa, lakini modeli zake unaweza kuzikuta nayo. Sijasikia anayelalamika.

Kuna njia ya tatu inayovuruga ugomvi huu. Mwaka 2011 kampuni ya Kemper ya Ujerumani walileta mashine inayopitisha milio ya majaribio kwenye amplifaya halisi, ikasikiliza majibu yake na kuyahifadhi. Neural Amp Modeler, programu ya bure, nayo hujifunza amplifaya kwa mtandao wa neva bandia. Matokeo yanakaribia asili kiasi cha kutisha, ila ni picha ya pasipoti: sura ni yako kabisa, lakini huwezi kuiomba igeuze shingo. Ukipandisha geini, nobu inayozidisha nguvu ya mawimbi mpaka sauti ikwaruze, unachosikia ni makisio ya mashine, kwa sababu amplifaya ilirekodiwa ikiwa mahali pamoja. Kemper waliliona hilo, na mwaka 2023 wakaongeza Liquid Profiling, inayorudisha nobu za asili juu ya picha hiyo. Kwa mtu aliyekwisha kuipata sauti yake na hataki kuigusa tena, njia hii haina mpinzani. Anayepiga kanisani Jumapili asubuhi na ukumbini Jumamosi usiku atahitaji nobu zinazojibu.

Halafu zipo nobu ambazo amplifaya ya kale haikuwa nazo kabisa mbele. Helix, mashine ya kuiga amplifaya ya kampuni ya Line 6, ya mwaka 2015, inakupa sag, bayasi (kiwango cha umeme kinachozipa valvu kazi) na nyinginezo. Sag ni ule upungufu wa volteji unaotokea ukipiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) kwa nguvu: mwanzo wa noti unalainika, kisha sauti inavimba kurudi. Kwa mpiga roki aliyejaza geini, hiyo ni nusu ya raha. Kwa mpiga solo wa sebene, ambaye sauti yake ni safi na vidole vinakimbia juu ya shingo ya gitaa, sag hula makali ya kila noti. Mimi ningeishusha na kuisahau. Mapitio mengi ya mashine hizi huzipima kwa mkwaruzo, na mpigaji wa dansi anayeyasoma anapata jibu la swali ambalo hakuuliza.

Lakini hata nobu zikiwa sahihi, sauti huharibikia mwisho wa mnyororo. Spika ya gitaa huanza kupoteza nguvu karibu na kilohezi 5. Ndiyo maana modeli isiyo na boksi la spika la kuigiza inakwaruza masikio ikiingia moja kwa moja kwenye mikisa, mtambo wa kuchanganyia sauti. Ndani ya mashine, kusogeza maikrofoni ya kuigiza kutoka katikati ya koni ya spika hadi ukingoni kunaweza kubadili sauti kuliko nobu yoyote ya trebo, na wengi hawaigusi. Jambo jingine ni kiwango cha sauti. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu 1933 kwamba kwa sauti ndogo sikio husikia besi hafifu kuliko sauti za kati. Atakayepanga toni yake usiku chumbani, kwa hedifoni na sauti ya chini ili asiamshe watoto, ataongeza besi bila kujua. Ukumbini itanguruma na kummeza mpiga besi.

Wapenzi wa valvu wana haki katika jambo moja: amplifaya iliyo nyuma yako inasukuma hewa, na nyuzi zinaitikia. Mashine hukupa sauti ya amplifaya iliyokwisha kupita kwenye maikrofoni, na jukwaani tofauti hiyo unaihisi. Msikilizaji wa ukumbi mkubwa, hata hivyo, alikuwa akisikia maikrofoni siku zote.

Kinachonifanya nisikubaliane kabisa na upande wowote ni bendi yenye magitaa matatu. Solo, solo la pili na rithimu wote wakichagua modeli ya Twin kwa kuwa ni safi, watalaliana, na nobu za asili haziwezi kuwatenganisha, maana zinavutana zenyewe kwa zenyewe. Kwa hiyo ningeacha amplifaya iige asili mpaka kasoro zake, kisha baada ya boksi la spika niweke ikwalaiza ya kawaida, kifaa cha kupandisha au kushusha sehemu za sauti, ile inayotii. Kila gitaa likatwe chini ya hezi 100, rithimu ipunguzwe kidogo kwenye kilohezi 2, solo liongezwe hapohapo. Na yafanyike wakati wa kujaribu vyombo, bendi nzima ikipiga kwa sauti ya ukumbi, fundi mitambo akiwa kwenye mikisa yake.