Sonic wa 1991 hakuwa na macho ya kijani

Eti mkusanyiko huu wa vibonzo vya kumuadhimisha Sonic, kalunguyeye wa bluu wa michezo ya video ya Sega, unamchora "vilevile alivyokuwa siku ya kwanza". Wapi! Kalunguyeye aliyetoka 1991 kwenye Mega Drive, mashine ya michezo ya Sega, mchoro wa Naoto Ohshima, alikuwa kibonge: kichwa kikubwa, tumbo la mviringo, miguu mifupi, mboni nyeusi tii. Macho ya kijani, miguu mirefu na miiba inayolalia mgongoni ni kazi ya Yuji Uekawa kwa ajili ya mchezo wa Sonic Adventure, 1998. Huu si ubishi wa mashabiki tu. Kitabu chenye wachoraji wengi kikikosa karatasi moja ya vielelezo (inayoonyesha jinsi mhusika anavyopaswa kuchorwa), mmoja huweka mboni nyeusi kwenye mwili mrefu, mwingine kinyume chake, na msomaji anadhani ni wahusika wawili (katika mchezo wa Sonic Generations wa 2011, Sonic wa zamani na wa sasa walikuwa wawili kweli, basi ndiyo balaa zaidi). Halafu kuna hiyo bluu. Ya kwenye skrini ni mwanga. Wino wa rangi nne za uchapishaji (samawati, majenta, njano na nyeusi) hauifikii. Mtia rangi akiweka samawati asilimia 100 na majenta, yaani waridi iliyokolea, asilimia 90, Sonic anatoka zambarau. Ashushe majenta hadi 70 au chini yake, nyeusi aiguse kidogo sana, na ajaribu kwenye karatasi ileile itakayochapwa, maana karatasi isiyo na mng'ao hunywa wino na rangi ikapooza. Mwenye nakala mkononi atuambie: kurasa za ndani zimebaki bluu?