Kapu la Futari Lisilo na Futari

Ramadhani iliyopita nilipanda gari la sadaka kutoka Chake Chake hadi Micheweni, hapa kisiwani Pemba. Tulikuwa vijana sita wa kujitolea wa jumuiya inayogawa sadaka. Kila kapu lilikuwa na mchele, unga wa ngano, sukari, mafuta na tende. Bibi mmoja alilipokea lake kwa mikono miwili, akatuombea dua ndefu, kisha akanivuta pembeni.

"Mwanangu, sukari hii mpe mwengine. Mie n'na kisukari."

Tokea siku ile sijatulia.

Futari ya Pemba sote tunaijua: muhogo wa nazi, majimbi, viazi vikuu, ndizi, na kipande cha samaki ukijaaliwa. Ndivyo tulivyolelewa, na vyote hivyo vinatoka kwenye ardhi na bahari yetu. Kapu tunaloliita la futari halikuwa na hata kimoja. Mchele umevuka bahari, ngano haioti hapa, na fedha za wafadhili zimeishia kwa waagizaji wa mjini. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba yule tunayempelekea mchele mara nyingi ni mkulima. Muhogo wake umo shambani, hana wa kumuuzia, ndiyo maana jina lake likaandikwa na sheha, kiongozi wa mtaa, kwenye orodha ya wasiojiweza. Tungeununua ule muhogo, yeye angepata fedha ya dawa na madaftari ya watoto, na jirani yake angefuturu. Shilingi moja ingelisha nyumba mbili. Badala yake tumemfanya mtu mwenye shamba apange foleni ya msaada.

Sizungumzii zakatul-fitri, ile sadaka ya lazima ya kumaliza Ramadhani. Ile ina hukumu zake na pishi yake, tuwaachie masheikh.

Najua nitakachojibiwa: mchele unakaa ghalani, muhogo ukishang'olewa siku mbili tatu umeharibika. Ni kweli, sibishi. Lakini muhogo ukiwa ardhini unasubiri. Mkulima akipigiwa simu mapema, ataung'oa asubuhi ile ile ya kugawa. Na kama tatizo ni kukaa, mbona hatukuweka dagaa? Wanakaushwa visiwani humu humu, magunia kwa magunia yanasafirishwa hadi Kongo, na mama mjamzito anayahitaji zaidi yale madini ya chuma yaliyomo ndani yake kuliko kilo mbili za sukari.

Mama yangu alikuwa msichana mwanzoni mwa miaka ya 1970, mchele ulipokuwa wa foleni. Husema kilichowavusha ni muhogo na majimbi. Leo mtoto wa Pemba anaona haya kubeba muhogo shuleni, na sisi wa jumuiya tunamthibitishia kwamba chakula cha maana ni kile kinachokuja kwa meli.

Wapo wanaoanzia shambani. Shirika la Community Forests Pemba wanapanda miti na viungo pamoja na wanavijiji. Natamani kabla ya Ramadhani ijayo wagawaji wa makapu wakae na watu kama hao, waulize nani analima nini na kitakuwa tayari lini.

Siku ile tulimaliza kugawa baada ya alasiri. Tulipofika Konde, kandoni mwa njia kulikuwa na mikungu ya ndizi na mafungu ya majimbi, na mama mmoja akasimama akatupungia, akidhani tunakuja kununua. Gari letu lilikuwa tupu. Hatukusimama.