Jini wa Taa Hana Jina

Nyuma ya nyumba nyingi za zamani hapa Lubumbashi, zile walizojenga Wabelgiji, kuna kijumba cha mlango mmoja kinachoitwa boyeri. Humo alilala boyi, mtumishi wa nyumbani. Boyi angeweza kuwa na miaka 50, mvi kichwani na wajukuu kijijini, na bado aliitwa boyi, neno ambalo kwa Waingereza ni mtoto wa kiume. Siku hizi boyeri hupangishwa, lakini jina halijafutika. Mimi huikumbuka kila ninaposoma hadithi za kubuni zenye viumbe wa ajabu wanaotumikia watu. Nazisoma nyingi, tangu utotoni, na nazipenda. Ndiyo maana zinaniuma.

Kinachoniuma ni hiki. Kiumbe ana nguvu kumshinda bwana wake mara mia. Anajenga kasri kwa usiku mmoja, anapita kuta kama moshi. Bwana ana taa tu, au pete, au ukoo wa kurithi. Sasa mwandishi lazima aeleze kwa nini mwenye nguvu anamtii asiye nazo, na mara nyingi anachukua njia ya mkato: anasema mtumwa mwenyewe anapenda.

Chukua Harry Potter, ambayo wengi wetu hapa tuliisoma kwa Kifaransa. Chini ya ukumbi wa chakula wa Hogwarts, shule ya uchawi, kuna jiko, na humo wanafanya kazi elfi wa nyumbani, viumbe wadogo watumishi, zaidi ya 100. Wanafunzi wanakula miaka yote bila kuwaona. Hermione, rafiki wa Harry, anapogundua, mwaka wake wa nne shuleni, anaanzisha chama cha kuwatetea. Katika tafsiri ya Kifaransa herufi za chama hicho zinasomeka SALE, yaani chafu. Rafiki zake wanamcheka. Elfi wenyewe wanamkwepa, kwa kuwa mwandishi amewaumba wakiona uhuru ni aibu. Winky, elfi aliyeachishwa kazi, anaishia kulewa kando ya moto. Na Dobby, ambaye ndiye elfi huru tunayempenda, anapoahidiwa sarafu 10 kwa wiki na mapumziko kila mwisho wa wiki, yeye mwenyewe anapunguza: sarafu 1 kwa wiki, siku 1 kwa mwezi.

Niliposoma sehemu hiyo nikiwa na miaka 13 nilicheka pamoja na wote. Leo siwezi. Dobby hakuzaliwa na mama. Kila neno kinywani mwake liliwekwa na mtu aliyeketi mezani akaamua kwamba mtumwa atakataa mshahara. Kumuuliza Dobby kama ameridhika ni kumuuliza aliyemwandika.

Sentensi ile, kwamba mtumwa mwenyewe anapenda, naijua kwa sauti ya nyumbani. Kwetu, katika komini ya Kenya, sehemu ya mji huu wa Lubumbashi, aliletwa msichana wa miaka kama 14 kutoka upande wa Kasenga. Tulimwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa heshima, ndivyo tulivyojiambia. Aliamka kabla yetu kuwasha mbabula, jiko la makaa, akapika bukari, yaani ugali, akafua, akalala jikoni. Wageni waliposhangaa bidii yake, mama alijibu: "Ule mutoto anapenda kazi, hata ukimukataza." Nilimwamini mama. Sikumbuki siku hata moja ambapo mtu alimkataza.

Elfi wa Hogwarts huachwa huru bwana wake akimpa nguo; Dobby alikombolewa na soksi. Yaya alipewa nguo kila Noeli, zile zilizotubana sisi. Kwetu ndizo zilizokuwa mshahara.

Mwandishi wa Dobby nampa haki yake mahali pamoja. Dobby anapokufa, Harry anamchimbia kaburi kwa mikono, bila uchawi. Ni kurasa nzuri mno, kwa sababu kwa mara ya kwanza bwana ndiye anayetoka jasho kwa ajili ya mtumishi. Lakini kitabu kinakaribia kufungwa, vita vimekwisha, na Harry huyo huyo anajiuliza kama Kreacher, elfi ambaye yeye Harry alimpata kwa urithi, anaweza kumletea sandwichi. Vita vyote vile, na jiko limebaki palepale.

Aladini ni wa zamani zaidi na, kwangu, ni mkweli zaidi. Hadithi yake iliingia katika Alfu Lela Ulela kupitia Mfaransa Antoine Galland, aliyesimuliwa mwaka 1709 na Hanna Diyab, Msiria wa Aleppo. Humo jini hajidai kupenda chochote. Anajitambulisha kuwa mtumwa wa yeyote mwenye taa, basi. Jina hana. Anabeba sahani za fedha zilizojaa chakula na hatuambiwi kama naye anakula. Halafu Aladini anamwomba yai la ndege Rukh alitundike darini, na jini anapiga ukelele ukumbi unatikisika: Rukh ndiye bwana wake halisi, na ombi hilo linastahili kumgeuza Aladini majivu! Mara moja tu katika hadithi ndefu tunasikia kwamba ndani ya taa mna mtu mwenye mapenzi yake na hasira yake. Kisha anatoweka. Kumwachia huru kwa ombi la tatu kulibuniwa na filamu ya Marekani ya 1992. Katika maandishi ya Galland hakuna anayefikiri hata kumwuliza.

Sisi wa Katanga tungeweza kuandika hadithi hizi vizuri kuliko wengi. Msiri, mfalme wa huku aliyeuawa 1891, aliuza pembe za ndovu na watu kutoka Bunkeya hadi pwani zote mbili. Lugha yetu yenyewe inasema bila kificho: mtumwa ni aliyetumwa, na nyuma yake kuna aliyemtuma. Tena tunaye mamba muntu, nusu mwanamke nusu samaki, ambaye wachoraji wa Lubumbashi walimchora sana hata miaka ya 1970 akatundikwa sebuleni kwa watu. Ukipata kitana chake au unywele wake, humpati yeye. Anakujia usingizini kudai chake. Mali atakupa, lakini kwa sharti la kutii na kunyamaza, na kuanzia hapo aliyefungwa ni wewe. Waliotunga hadithi hiyo walijua utajiri wa ghafla una mtu upande wa pili anayedai. Natamani kusoma riwaya ya Kiswahili iliyoanzia hapo, yenye bwana asiyepata usingizi, badala ya kijakazi anayeimba huku akisugua sufuria.

Yaya aliondoka kiangazi kimoja baada ya miaka sita. Mwaka jana nilimkuta sokoni, anauza samaki wakavu. Alinitambua kabla sijamtambua. Juu ya meza yake kulikuwa na ubao ulioandikwa kwa rangi nyekundu jina la mwenye biashara, majina matatu, na hata moja sikuwahi kulisikia nyumbani kwetu. Alinitajia bei. Nilitoa pesa, akazihesabu mbele yangu mara mbili, akanirudishia chenji yote.